SITI BINTI SAAD: MFINYANZI ALIYEPANDA KWA JASHO LAKE

Katika kijitabu hiki mnasoma hesabu zetu, mnaona picha zetu, na mnakutana na waanzilishi wetu. Kurasa hizi chache tumezitenga kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa mwanachama, ambaye aliishi mbali na baridi yetu, na aliyefariki dunia kabla wengi wetu hatujazaliwa. Huyo ni Siti binti Saad wa Unguja.

Wapo watakaouliza, jamani, kikundi cha kuweka na kukopa cha huku nyanda za juu kina uhusiano gani na mwimbaji wa taarabu wa Pwani? Swali ni la haki. Sisi tunalima viazi na mahindi, tunachuma chai, tunauza mbao na parachichi, tunakaanga maandazi stendi ya Makambako alfajiri kabla mabasi hayajaondoka. Taarabu wengi wetu tunaisikia kwenye harusi tu. Lakini ukiyafuata maisha ya mama huyu hatua kwa hatua, utakuta kwamba kabla ya kuwa mwimbaji alikuwa mama wa biashara ndogo kama sisi. Mtaji wake ulikuwa udongo, na gari lake la mizigo lilikuwa kichwa chake mwenyewe. Ndiyo sababu tumeona tumweke humu.

FUMBA, NA JINA LA MTUMWA

Siti alizaliwa kijiji cha Fumba, kusini ya mji wa Unguja, mnamo mwaka 1880 au karibu na hapo. Wazazi wake wote wawili walizaliwa Unguja, lakini asili yao ilikuwa bara: baba ni wa asili ya Kinyamwezi na mama ni wa asili ya Kizigua. Tukisema asili ya bara kwa Unguja ya wakati ule, mwenye kujua historia anaelewa maana yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, yaani miaka michache tu kabla hajazaliwa. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria mpaka mwaka 1897, wakati Waingereza walipokuwa wamekwisha kuiweka nchi chini ya himaya yao tangu 1890. Kwa hiyo binti huyu alikuwa amefika kama miaka kumi na saba ndipo sheria ikasema kwamba mtu si mali ya mtu.

Jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Hebu tulitafakari hilo kidogo. Mtoto anaitwa kuja kula, anaitwa Mtumwa. Anatumwa kisimani, anaitwa Mtumwa. Jina la Siti, ambalo ni jina la heshima lenye maana ya bibi au bibi mkubwa, alikuja kupewa baadaye sana, alipokuwa amekwisha kujulikana. Kati ya jina la kwanza na jina la pili kuna safari ndefu ya miaka, na safari hiyo ndiyo habari yetu.

Shule hakusoma. Hata chuo cha Kurani, ambacho watoto wengi wa Unguja walipitia, hakukipata utotoni. Watoto wa watu maskini wa mashambani, na hasa wa kike, walikuwa mikono ya kazi. Hapo sisi hatuhitaji maelezo mengi. Mama zetu na bibi zetu wapo humu kikundini ambao mpaka leo huweka dole gumba kwenye daftari.

VYUNGU KICHWANI

Kazi iliyokuwapo nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi. Mama yake alifinyanga vyungu, na binti akajifunza kwa mama. Wenzetu wa Ludewa wanaijua kazi hii vizuri kuliko sisi. Akina mama wa Kikisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanafinyanga vyungu tangu enzi na enzi, wanavipaka rangi nyekundu na nyeupe, na vinasafirishwa kwa mitumbwi mpaka minadani. Aliyewahi kukaa nao anajua kwamba chungu si udongo tu. Udongo unachimbwa, unabebwa, unaloweshwa, unakandwa, unafinyangwa kwa mkono, unaachwa ukauke taratibu, ndipo unachomwa. Na ukichoma vibaya, kazi ya siku nyingi inapasuka mbele ya macho yako na hakuna wa kumdai.

Baada ya hapo ndipo biashara inaanza. Kutoka Fumba mpaka mjini ni mwendo wa kilomita zisizopungua kumi na tano, na Siti aliuendea kwa miguu, vyungu kichwani, akipita anavinadi. Ukijikwaa mara moja umepoteza mtaji na faida kwa pamoja. Ukifika mjini unakuta wateja wanaopunguza bei kwa sababu wanajua hutaki kurudi navyo. Mama anayeshusha gunia la viazi Makambako wakati soko limejaa anaijua hali hiyo vizuri sana.

Lakini katika kunadi kule ndiko kulikofichwa hazina. Inasimuliwa kwamba Siti alivitangaza vyungu vyake kwa kuimba, na sauti yake ilikuwa kubwa na tamu kiasi kwamba watu waliijua kabla hawajamwona. Wanunuzi wakatoka nje, mwingine kwa ajili ya chungu na mwingine kwa ajili ya sauti. Kwa hiyo sauti ile haikuanza kama anasa. Ilianza kama kifaa cha kazi, mfano wa mzani au ndoo ya kupimia.

BIDII YA MAMA NA BIDII YA MWANA

Hapa tunaomba tusimame kidogo, maana ndipo penye jambo tunalotaka kulisema. Katika mikutano yetu tumezoea kusema kwamba mwenye bidii hufanikiwa na mvivu hubaki nyuma. Ni maneno mazuri na yanatia moyo. Lakini mama yake Siti naye alikuwa na bidii. Alichimba udongo uleule na kuvumilia jua lilelile, na aliishi na kufa mfinyanzi maskini asiyejulikana nje ya kijiji. Je, tuseme alikuwa mvivu? Tukisema hivyo tutakuwa tumewatukana mama zetu wenyewe.

Siti mwenyewe alifinyanga na kuuza vyungu kwa miaka mingi, tangu utoto mpaka utu uzima. Ndoa yake ya ujanani haikudumu. Alipofika miaka thelathini hivi alikuwa bado yuko palepale, na bidii yake yote ilikuwa imemfikisha kwenye kula leo na kutafuta cha kesho. Sasa nini kilibadilika? Tukilijibu swali hili vizuri tutakuwa tumepata faida ya kusoma habari zake. Tukilijibu ovyo, kwamba eti Mungu alimpa sauti basi yakaisha, tutakuwa hatujapata kitu. Sauti nzuri zilikuwa nyingi Unguja, na nyingine zilizikwa na wenyewe bila mtu kuzisikia.

KUHAMIA MJINI, 1911

Mwaka 1911 Siti alihama Fumba akaenda kuishi mjini. Hatua hiyo si ndogo. Mwanamke asiye na mume, asiye na elimu, asiye na ukoo wenye jina, anaiacha kazi anayoijua na kuingia mahali ambapo hana shamba wala chungu. Wengi wetu tuna mabinti waliopanda basi hapo Makambako kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Tunajua mioyo inavyokuwa basi linapoondoka. Wengine wamerudi na maendeleo, wengine wamerudi wamevunjika, na wapo ambao hawajarudi. Mji una mlango wa kupanda na una shimo la kuangukia, na mara nyingi vimekaa jirani.

Siti aliupata mlango wa kupanda kwa sababu alikutana na mtu aliyekuwa tayari kumfundisha. Mtu huyo alikuwa Ali Muhsin, mwanamuziki wa chama cha taarabu kiitwacho Ikhwani Safaa, ambacho kilianzishwa mwaka 1905. Taarabu yenyewe ilikuwa ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeileta ngoma hiyo kutoka Misri kwa ajili ya kasri lake, na ilikuwa ikiimbwa Kiarabu, na wanaume. Mwanamke wa Kiafrika kutoka shamba hakuwa na kiti mahali hapo.

Ali Muhsin alimfundisha kuimba kwa kanuni, akamwonyesha na vyombo. Kisha akamkutanisha na wanamuziki wengine, nao wakashikamana wakawa kundi. Majina yao yanakumbukwa mpaka leo: Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mwalimu Shaaban, na Mbaruku Effendi Talsam ambaye alikuwa kipofu. Siti akawa mwimbaji, wao wakapiga vyombo, na nyimbo wakazitunga na kuzinoa pamoja.

Basi hapo ndipo tunapoona jibu la swali letu. Bidii ilikuwa ileile ya Fumba. Kilichoongezeka ni mambo matatu: mtu wa kumfundisha, wenzake wa kushikana nao, na mahali ambapo kazi yake ilikuwa na bei. Bidii ya mama yake haikupata hata kimoja kati ya hivyo.

KUSOMA KWA MASIKIO

Tusije tukadhani kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mteremko. Siti hakujua kusoma wala kuandika. Nyimbo za taarabu ni ndefu, beti baada ya beti, na nyingi zilikuwa za Kiarabu, lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Kila alichokiimba ilibidi akisikilize, akirudie, akikariri, mpaka kikae kifuani bila kupotea hata silabi. Mwenye daftari anaweza kusahau akafungua ukurasa. Yeye ukurasa wake ulikuwa kichwani.

Alifanya hivyo si kwa mwezi wala kwa mwaka mmoja. Alijifunza mpaka akaweza kuimba Kiarabu mbele ya Waarabu wenyewe bila kuchekwa. Akaimba na Kihindi pia. Halafu akafanya jambo ambalo ndilo limelibeba jina lake mpaka leo: akaifanya taarabu izungumze Kiswahili. Muziki uliokuwa wa kasri ukaanza kueleweka kwa mchukuzi, kwa mfua nguo, kwa muuza samaki na kwa yaya. Aliimba kwenye majumba ya wakubwa, akaalikwa na kasri la Sultani, lakini aliimba pia Ng'ambo, upande wa mji waliokoishi watu wa hali ya chini, wengi wao wakiwa watu au watoto wa watu waliotoka utumwani. Nyumbani kwake huko watu walikusanyika usiku kumsikiliza yeye na kundi lake.

Wenzetu mnaosema umri umekwenda na hamuwezi tena kujifunza hesabu za kikundi, hebu hesabuni pamoja nasi. Alihamia mjini akiwa na miaka kama thelathini na moja. Sahani yake ya kwanza ya santuri alirekodi akiwa na miaka kama arobaini na nane. Katikati hapo kuna miaka kumi na saba ya kujifunza na kufanya kazi. Kikundi chetu leo kina miaka kumi. Kwa kipimo cha Siti, bado tuko njiani.

BOMBAY, 1928

Mwaka 1928 kampuni ya HMV, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza santuri, ilimwalika Siti na wenzake kwenda Bombay nchini India kurekodi. Wakavuka bahari kwa meli. Huyu ni yule mama aliyekuwa akihesabu hatua kutoka Fumba kwenda mjini asivunje chungu. Akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuimba kwenye sahani za santuri, na sahani hizo zilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kubeba nyimbo za Kiswahili.

Kampuni ile haikufanya vile kwa upendo. Ilikuwa inatafuta soko, na soko ikalipata. Sahani ziliuzwa kwa maelfu mengi, kwanza pwani, kisha bara. Penye mkahawa wenye santuri, watu walikaa kusikiliza. Siti alirekodi makumi ya nyimbo katika miaka ile, na mwaka 1931 kampuni nyingine, Columbia, ikaja yenyewe kurekodi Unguja. Yaani badala ya Unguja kwenda Bombay, mashine ndiyo iliyopanda meli ikaja Unguja. Si mchezo.

Tukumbuke pia kwamba wakati ule mtu mweusi kusikia lugha yake ikitoka kwenye chombo cha Ulaya lilikuwa jambo kubwa. Wengi waliamini kwamba mashine hizo zinajua lugha za wakubwa tu. Siti aliwaonyesha kwamba Kiswahili nacho kinaweza kuuzwa dukani na kulipiwa fedha.

ALICHOKIIMBA

Mtu akipanda, mara nyingi husahau alikotoka. Siti aliimba mapenzi, kama ilivyo taarabu, lakini alikuwa pia gazeti la wasiojua kusoma. Yaliyotokea mahakamani, mitaani na maofisini aliyaingiza kwenye nyimbo. Makarani na watu wenye nafasi walioiba fedha za wanyonge na kuwadanganya wasiojua kusoma, walisikia habari zao zikiimbwa mitaani. Akina mama, jambo hili lituguse. Hata sisi tunaposema sanduku liwe na kufuli tatu na funguo zikae kwa watu watatu, na daftari lisomwe kwa sauti kila mkutano ili asiyejua kusoma asikie, tunafanya kazi ileile: tunaizuia fedha ya mnyonge isipotee gizani.

Wimbo wake mmoja mashuhuri unamhusu mtu aliyeitwa Kijiti. Mwanamke mmoja mgeni aliyetoka bara alitendewa ubaya na kuuawa na mwanamume huyo katika usiku wa karamu. Muuaji akatoroka. Kesi ilipofika mahakamani, adhabu iliwaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, kwa kosa la kununua pombe ya karamu. Siti hakuwa na cheo cha kuibadili hukumu. Aliimba kisa hicho, na mpaka leo watu wanakijua, wakati jina la hakimu limekwisha kusahaulika mitaani.

Tunalisema hili kwa sababu baadhi yetu tunafikiri mafanikio ni nyumba ya bati na kochi la sebuleni. Hivyo ni vizuri na tunavitaka. Lakini mwanamke aliyepata sauti akaitumia kwa ajili yake peke yake, amepata nusu tu.

MANENO YA WATU

Mwanamke hapandi bila kusemwa. Siti alisemwa sana. Walimcheka kwamba hakuwa mzuri wa sura. Walimcheka kwa ukoo wake, kwa asili yake ya utumwa, na kwa nguo duni alizokuja nazo mjini kutoka shamba. Waimbaji wenzake na watu wenye wivu walitunga hata nyimbo za kumdhihaki, wakitaka ajione kwamba mahali alipofika si pake.

Angeweza kunyamaza. Angeweza pia kutukana. Yeye alijibu kwa wimbo, na jibu lake kwa maana lilikuwa kwamba sura na nasaba si kitu mbele ya akili na tabia njema. Kisha akaendelea na kazi. Wale waliomcheka leo hatuna majina yao. Wimbo wa jibu bado unaimbwa.

Nasi tunayajua maneno hayo kwa lugha ya huku kwetu. Kikundi kilipoanza, wapo waliosema tutavunjika kabla ya mavuno. Wapo waliosema mwanamke akishika fedha anaota pembe. Wajane waliopata mkopo walisemwa, na waliojenga wakasemwa zaidi. Tuwe wakweli pia: mengine tulisemana wenyewe kwa wenyewe, kisimani na kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Aliyetoka familia ya chini akipendekezwa kuwa mweka hazina, kuna waliouliza kwao ni nani. Swali hilo ndilo aliloulizwa Siti.

MWISHO WAKE NA JINA LILILOBAKI

Siti binti Saad alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950, akiwa na umri wa miaka kama sabini. Kabla ya kufa kwake, mwandishi mkubwa wa Kiswahili, Shaaban Robert, alipata kuzungumza naye, na akaandika maisha yake katika kitabu kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu hicho kilichapishwa baada ya Siti kufariki, na kimesomwa mashuleni. Fikirini wenyewe: mtoto aliyenyimwa shule akawa somo la shule.

Waimbaji waliokuja nyuma yake waliikuta njia imefyekwa. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 baada ya kuimba mpaka uzeeni, alijifunza nyimbo nyingi kwa kumsikiliza Siti. Na waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walipounda chama chao cha TAMWA mwaka 1987, kisha wakaanzisha gazeti lao, waliliita Sauti ya Siti. Walikuwa wasomi wenye kalamu na mashine za chapa, lakini jina walilitafuta kwa mwanamke ambaye hakujua kuandika lake.

SISI TUNABEBA NINI

Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tunavyosema kila tunaponunua hisa. Maisha ya Siti yanakubaliana na methali hiyo, lakini yanaongeza kitu. Kibaba lazima kiwe na mtu wa kukishika wakati wewe unatafuta haba nyingine.

Kila mzunguko tunaye mwenzetu anayeshindwa kurejesha mkopo. Kuna aliyepata baridi ikaunguza viazi. Kuna aliyeuguza, akatumia mtaji hospitali. Kuna bibi anayelea wajukuu yatima, na mkoa wetu unajua ni kwa nini bibi wa namna hiyo ni wengi. Tunao wepesi wa kusema huyo hana bidii. Kabla hatujasema tena, tujiulize yale matatu. Je, amepata wa kumfundisha? Je, anao wenzake wa kushikana nao? Je, kazi yake ina soko? Kama jibu ni hapana, basi kasoro si yake peke yake, na kikundi ndicho chenye kazi ya kufanya. Kama jibu ni ndiyo na bado hataki, hapo katiba yetu ifuate mkondo wake bila kuoneana haya.

Kwa hiyo katika miaka kumi ijayo tungependa mambo haya tuyaone. Kila mwanachama asiyejua kusoma afundishwe kusoma daftari lake mwenyewe, hata akiwa na miaka sitini. Aliye na ujuzi, awe fundi cherehani, mfugaji wa kuku au mkulima wa parachichi, amchukue mwenzake mmoja na kumfundisha kama Ali Muhsin alivyomchukua muuza vyungu. Tuuze mazao kwa pamoja, maana gunia moja moja mnunuzi analipangia bei atakayo, lakini lori zima la viazi kutoka kikundi kimoja anakaa chini kuzungumza. Na binti anayetaka kwenda mjini, asiende kwa kukimbia umaskini tu. Aende na ujuzi mkononi, na anuani ya mtu wa kwetu anayejulikana, na nauli ya kurudia.

Kwa upande wa kila mmoja wetu, jasho halina mbadala. Hakuna mtu aliyembebea Siti vyungu, wala hakuna aliyemkariria nyimbo. Mwalimu alifungua mlango, lakini aliyeingia na kukaa miaka kumi na saba akinoa sauti ni yeye. Kikundi kinaweza kukupa mkopo. Hakiwezi kuamka alfajiri badala yako.

Tukutane mkutano ujao, daftari mkononi na hisa zenu tayari, na tafadhali msichelewe kwa kisingizio cha ukungu, maana ukungu wa Njombe tumeuzoea sote.